Aleluya Kuu Iko Kwenye Do Gani?

Kijana wa duka la simu ndiye aliyenitia matatani. Nilimpelekea kadi ya memori aniwekee nyimbo za Pasaka, akanirushia humo rekodi mbili za Aleluya Kuu ya Handel, zote zimepigwa na okestra za Ulaya. Nikarudi nazo kwetu Masieda, nikaziunganisha na spika ya kanisani, nikamwambia mpiga kinanda wangu azifuatishe. Ya kwanza walikwenda sawa. Ya pili, kila alichobonyeza kiligombana na spika. Akanitazama: "Mwalimu, hii imeharibika."

Haikuwa imeharibika. Do yake ilikuwa imeshuka nusu toni.

Sisi tunaimba kwa solfa, na juu ya karatasi yetu pameandikwa "Doh ni D". Huo ndio ufunguo: mahali unapoiweka do, noti nyingine zote zikapangwa kuanzia hapo. Handel hakuichagua D kwa kubahatisha. Tarumbeta za zama zake hazikuwa na vitufe. Bomba lilikatwa kwa ufunguo fulani na likatoa noti chache za ufunguo huo, basi. Tarumbeta za Uingereza wakati ule kwa kawaida zilikuwa za D. Ngoma za shaba nazo zilikuwa mbili tu, moja ikilia do, nyingine so. Ukitaka shangwe ya tarumbeta na ngoma, unaandika kwenye D.

Sasa ile nusu toni. Noti A tunayoijua leo hutetema mara 440 kwa sekunde, kwa makubaliano ya London ya mwaka 1939. Zamani kila mji ulikuwa na A yake. Wanaopiga siku hizi kwa vyombo vya mtindo wa kale wamejichagulia 415, kwa sababu ni takriban nusu toni kamili chini ya 440 na inawarahisishia kazi. Kwa hiyo karatasi yao inasema D, lakini kinanda chako kinasikia C shapu. Tulibonyeza kitufe cha kushusha ufunguo mara moja, ugomvi ukaisha. Kasoro ni kwamba hatukukirudisha. Jumapili iliyofuata misa nzima iliimbwa chini, besi wananguruma kama trekta, na hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa sisi wawili.

Mwendo ndio ulionisumbua zaidi. Juu ya nota Handel aliandika neno la Kiitaliano, Allegro, yaani uchangamfu. Namba hakuweka, na asingeweza: metronomu, ile saa ya kugonga mapigo, Maelzel aliisajili mwaka 1815, Handel akiwa kaburini tangu 1759. Nikachukua simu, nikahesabu mapigo kwa sekunde 15, nikazidisha mara nne. Rekodi ya kwanza, 22, yaani 88 kwa dakika. Ya pili, 26, yaani 104. Neno ni moja, karatasi ni moja, ila yule wa pili alikuwa na safari.

Idadi ya watu ina mchango wake hapo. Masiha, kazi kubwa ambamo Aleluya hii imo, ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwaya ilikuwa na watu 30 hivi. Mwaka 1784, katika kumbukumbu ya Handel ndani ya Westminster Abbey, waimbaji na wapigaji walizidi 500. Kundi la namna hiyo, katika jengo la mawe, hulikimbizi. Mwangwi unameza maneno. Kanisa letu ni la bati. Mwangwi hatuna, tuna mvua ya masika.

Kuhusu hisia, naungama kosa. Miaka mingi nimefundisha kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni. Kumbe ndani ya Masiha hiyohiyo kuna wimbo wa alto pekee juu ya Bwana kudharauliwa na kukataliwa, nao uko E flati meja. Huzuni yake inatoka kwenye mwendo wa kujikokota, na jinsi sauti inavyokatika katikati ya sentensi, kama mtu anayemeza mate asije akalia.

Na Aleluya yenyewe, kwenye kadi ya memori imepunjwa. Katika kazi nzima, msikilizaji hukaa zaidi ya saa moja bila kusikia ngoma hata mara moja. Handel amezificha mpaka hapa. Sisi tunaobonyeza wimbo mmoja tunaipata ngoma bila kuingoja.

Kuna mahali kwaya yote inatamka kwa sauti moja, kisha Aleluya zinajibu, tena na tena. Mama mmoja wa alto alipofika hapo akacheka. "Mwalimu, huyu Mzungu alihudhuria slufay." Kwetu Wairaqw slufay ni maombi ya baraka: mzee anatamka, mkutano unaitikia. Sikuwa na la kubisha.

Pasaka hii do yetu itakuwa C. Soprano ninao wanne, wanafika mazoezini wametoka shambani, na ile sehemu wanayopanda ngazi kwa ngazi kwa noti ndefu huwatoa jasho. Tarumbeta hatuna, kwa hiyo D haitudai kitu. Mapigo 88.

Karibu na mwisho kuna kimya cha watu wote, halafu Aleluya moja ya taratibu inafunga. Mwaka jana besi mmoja aliimba peke yake ndani ya kimya kile, kanisa zima likageuka. Mwaka huu nimemweka mstari wa mbele, auone mkono wangu.