Usukani wa Boti ni Amana

Wakazi wa Garissa hawajaisahau tarehe 28 Aprili 2024, boti iliyokuwa ikivusha watu katika mafuriko ya Mto Tana ilipopinduka pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walirejea kwa Mola wao. Hatumhukumu mtu, lakini msiba ule umetufunza kuuliza: chombo tunachowapandisha watoto wetu ki hali gani?

Katika boti nyingi za mashine, nahodha azungushapo usukani, pampu husukuma mafuta kupitia mipira miwili hadi nyuma, mashine ikageuka. Miaka ikipita, jua na chumvi huikausha mipira hiyo, nayo hupasuka. Mafuta yakivuja, hewa huingia. Usukani huzunguka bure, na chombo huenda yatakako maji.

Kufunga kitambaa si dawa. Mipira yote miwili hubadilishwa pamoja, kwani umri wao ni mmoja. Kisha mafuta hujazwa, hewa ikatolewa yote, na usukani ukajaribiwa kabla abiria hawajapanda.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Wafugaji wa Garissa hawahitaji sherehe ya hayo. Mipira ya usukani ndiyo kamba ya ngamia yule.

Basi enyi akina mama, iwe ni Tana au baina ya Mokowe na Amu, mkiona mafuta yametapakaa chini ya usukani, msipande. Mwambieni nahodha kwa upole. Kuchelewa safari si aibu. Aibu ni kuihini amana.