Kwa nini wachoraji wa Italia waliiacha dhahabu

WANAOTEMBELEA makumbusho ya Uffizi mjini Florence, Italia, hukutana mapema na picha mbili kubwa za Bikira Maria akiwa amempakata Mtoto Yesu. Moja ni ya Cimabue, nyingine ni ya Giotto, na hazikupishana hata nusu karne.

Katika ile ya Cimabue, malaika wamepangwa mmoja juu ya mwingine kando ya kiti cha enzi. Nyuma yao hakuna anga wala ukuta, ni dhahabu tupu. Mtazamaji wa leo anaweza kudhani kuwa mchoraji hakuijua kazi yake. La hasha. Sanaa ya Zama za Kati haikukusudia kuonyesha chumba fulani siku fulani. Ilionyesha mbingu, mahali pasipo umbali wala kivuli, na kimo cha mtu kilifuata cheo chake. Dhahabu hiyo iliakisi mwanga wa mishumaa kanisani.

Giotto naye aliibakiza dhahabu, lakini Maria wake ana uzito wa mwili: magoti yake yanaonekana chini ya vazi.

Mageuzi yenyewe yalifika karne moja baadaye, katika kipindi kiitwacho Renesansi. Filippo Brunelleschi alionyesha jinsi mistari inayoelekea mbali inavyokutana katika nukta moja. Yapata mwaka 1427, Masaccio aliitumia kanuni hiyo kuchora Utatu Mtakatifu katika kanisa la Santa Maria Novella, mjini humo humo. Anayeutazama huona kana kwamba ukuta umetobolewa. Aidha, wafadhili wawili waliopiga magoti pembeni wana kimo kile kile cha watakatifu, jambo ambalo awali lingeonekana utovu wa adabu.

Mwaka 1435, Leon Battista Alberti aliwashauri wachoraji wasibandike dhahabu halisi bali waigize mng'ao wake kwa rangi, kwani hapo ndipo ufundi husifiwa. Wateja hawakushawishika upesi. Mkataba wa Domenico Ghirlandaio wa mwaka 1485 na nyumba ya kulelea watoto waliotupwa mjini Florence bado ulidai rangi ya buluu ya thamani ya florini 4 kwa aunsi.

Dharau kwa wachoraji wa kale ilienezwa zaidi na Giorgio Vasari, aliyechapisha wasifu wa wasanii mwaka 1550. Hata hivyo, msanii wa kwanza katika kitabu chake ni Cimabue.