Barua Taka na Anwani Uliyofunguliwa Saiba

Watu wengi mjini Isiolo hawakujifungulia anwani zao za barua pepe, walifunguliwa. Mtu alikwenda saiba kutafuta PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, cheti cha tabia njema cha polisi au mkopo wa masomo wa HELB wa mwanawe, akaulizwa, "Una imeli?" Hana. Mhudumu akamuundia moja papo hapo, akaweka neno la siri lilelile analowawekea wateja wote, na pale panapoombwa namba ya simu ya kurejesha akaunti akajaza yake ili tarakimu za kuthibitisha zifike haraka. Anwani ikaandikwa kwenye pembe ya fotokopi ya kitambulisho, mteja akalipa akaenda zake. Leo ana simu janja, ameingia katika ile anwani, na amekuta rundo: mikopo ya dakika moja, kamari, kozi za mtandaoni, ushindi wa bahati nasibu ambayo hakuicheza.

Swali linaloletwa kwangu kila mara ni hili: nizifuteje zote? Mimi huanza kwingine. Kabla ya kugusa taka, fungua mipangilio ya akaunti, nenda sehemu ya usalama, badilisha neno la siri, ondoa namba ya simu usiyoijua, weka yako, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili. Sababu ni hii: ukisahau neno la siri la iTax, mfumo wa kodi wa KRA, njia ya kupata jipya hupitia barua pepe uliyojisajili nayo. Kwa hiyo anayeishika barua pepe yako anaishika na PIN yako ya kodi. Sisemi wahudumu wa saiba ni wezi. Wengi wao wamewafaa watu wa mji huu kuliko ofisi zenye mabango makubwa. Lakini mhudumu huacha kazi, kompyuta ikabaki, na neno la siri likabaki limehifadhiwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye taka yenyewe. Inaendelea kuwapo kwa sababu ya bei: kutuma barua milioni moja karibu hakugharimu chochote, hivyo watu wachache tu wakinasa, mtumaji amepata faida. Mchezo huu si mpya. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo moja katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet, wakiuza huduma ya kujaza fomu za bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani. Zaidi ya miaka 30 baadaye, chambo ni kilekile. Barua ya "umeshinda green card" ingali inaingia katika simu za vijana wa Isiolo, ilhali serikali ya Marekani haiwaarifu washindi kwa barua pepe. Aliyeomba hujitafutia mwenyewe jibu katika tovuti rasmi kwa namba yake ya uthibitisho.

Tofauti ninayotaka uishike ni kati ya mfanyabiashara unayemjua na mgeni asiye na jina. Ukinunua simu mtandaoni, au ukijiandikisha kwenye tovuti ya kazi, matangazo yao yanayofuata ni kero, lakini wenyewe wanajulikana. Kwa hao, bonyeza kiungo cha kujiondoa, basi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka watumaji wa matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na watekeleze ombi hilo ndani ya siku mbili. Wanawataka pia wahakikishe kwamba barua zinazoripotiwa kuwa taka hazifiki asilimia 0.3. Hesabu yake ni barua tatu kwa kila elfu. Kidole chako kina uzito kuliko unavyodhani.

Mgeni asiye na jina usimjibu, hata kwa tusi, na usibonyeze "kujiondoa" yake. Ukibonyeza, umemthibitishia kwamba upande huu kuna mtu hai anayesoma, na anwani yako inapanda bei. Hata picha zilizomo ndani ya barua zinaweza kumwambia kwamba umeifungua, kwa sababu huletwa kutoka kwenye seva yake. Katika mipangilio ya Gmail unaweza kuamuru kwamba picha zisionyeshwe mpaka uulizwe. Utapunguza na ulaji wa bando. Barua ya namna hii iripoti kuwa taka. Ukiifuta tu, kichujio hakijifunzi chochote, na kesho ndugu yake ataingia kwa mlango uleule.

Kichujio nacho hukosea. Mwaliko wa usaili kutoka shirika la misaada, uliotumwa kwa watu wengi kwa mpigo, unaweza kutupwa kwenye folda ya taka, na Gmail hufuta vilivyomo humo baada ya siku 30. Kijana anayetafuta kazi na apitie folda hiyo kila wiki, na akikuta barua halali aitie alama kwamba si taka. Hili naliona muhimu kuliko kufuta matangazo elfu.

Tuiangalie kwa karibu barua moja ya aina inayosumbua Juni, wakati kila mtu anahangaikia ritani ya kodi kabla ya tarehe 30. Jina la mtumaji linasomeka KRA. Kichwa chake kinasema unarudishiwa fedha za kodi. Ndani kuna nembo, salamu isiyo na jina lako, na kitufe cha "thibitisha akaunti yako leo". Gusa jina la mtumaji ili anwani kamili ionekane, kwa maana jina mtu hujiandikia apendavyo. Isome anwani kutoka kulia kwenda kushoto. Majina yanayoishia na go.ke hupewa taasisi za serikali, na la KRA ni kra.go.ke. Ikiwa baada ya kra.go.ke kuna nukta nyingine na neno jingine linaloishia na .com, mwenye mali ni huyo wa mwisho, na "kra" ya mwanzo ni pambo. Kisha bonyeza kile kitufe kwa muda bila kuachia, kiungo chake kionekane, nacho ukisome vivyo hivyo. Hata anwani ikionekana safi, inaweza kuwa imeghushiwa. Ingia iTax kwa kuandika anwani yake mwenyewe, usipitie kwenye barua.

Iko nyingine inayowatia watu homa: mtu anadai amekurekodi kupitia kamera ya simu, anataja neno lako la siri la zamani kama ushahidi, anataka Bitcoin. Neno hilo, mara nyingi, limetoka katika tovuti iliyovuja, wala hana video. Usilipe. Libadilishe kila mahali ulipolitumia. Tovuti ya haveibeenpwned.com, aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha kama anwani yako imo katika data zilizovuja ambazo imezikusanya.

Rundo la zamani lisikunyime usingizi. Kwenye kompyuta, andika category:promotions older_than:1y katika nafasi ya kutafuta ya Gmail, chagua zote, futa. Ukiifanya kazi hiyo saiba, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Nafasi ya bure ni GB 15, unayoitumia pamoja na picha ulizohifadhi Google, na ikijaa hata barua za maana hukwama.

Baada ya hapo jifungulie anwani ya pili. Ya kwanza iwe ya eCitizen, KRA, benki na shule. Ya pili ndiyo uiandike kwenye Wi-Fi ya hoteli, mashindano ya zawadi na programu za simu. Mwenye Gmail anaweza pia kuongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina lake, kama jina+duka@gmail.com. Barua itafika, na siku anwani hiyo ikianza kupokea kamari utajua nani aliiuza, ingawa baadhi ya fomu hukataa alama hiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia data yako kibiashara bila idhini yako. Haitamfikia tapeli aliyejificha ng'ambo, hilo tukubaliane, lakini kampuni iliyosajiliwa Kenya inabanwa. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua kwa vitisho. Kampuni ikiendelea kukutumia matangazo baada ya kujiondoa, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data kupitia odpc.go.ke. Kisheria ofisi hiyo ina siku 90 za kukamilisha uchunguzi. Barua hizo usizifute kwanza, ndizo ushahidi wako.