Msaada ni Amana

Mara nyingi twadhani kuwa watu wakipatwa na msiba, kinachotakiwa ni mali tu. Tukisha toa, wajibu umetimia. Yaliyotokea Aceh, jimbo la Waislamu katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia, yatufunza vingine.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari, na mawimbi yakaangamiza watu wapatao 230,000 kandokando ya Bahari ya Hindi. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki wako waliokufa. Aceh iliumia kuliko pote. Vyama vya misaada vikafika kwa mamia, kila kimoja na bendera yake na hesabu zake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: viko vijiji vilivyoulizwa haja zao mara kwa mara na wageni mbalimbali, na vingine vikasahauliwa.

Aprili 2005 serikali ya Indonesia iliunda halmashauri ya kujenga upya Aceh na Nias, chini ya Kuntoro Mangkusubroto. Kila chama kilitakiwa kueleza mapema kitajenga nini, na wapi. Halmashauri ilipomaliza kazi mwaka 2009, nyumba zaidi ya 100,000 zilikuwa zimejengwa. Mwaka ule ule wa 2005, Umoja wa Mataifa nao uliweka utaratibu wa kugawana kazi wakati wa maafa: Shirika la Afya Duniani liongoze mambo ya afya, UNICEF mambo ya maji, na wengine vivyo hivyo.

Hatusemi kuwa mashindano yalikwisha. Lakini twaona wazi kuwa kuaminiana hakuletwi na maneno matamu. Huletwa na kusema kweli juu ya ulicho nacho, kutimiza ulichoahidi, na kukubali kuongozwa na ajuaye zaidi.

Basi enyi vijana wetu, mafuriko yakiingia mtaani, msikimbilie kukusanya nguo kabla ya kuwauliza wazee wa mtaa na vyama vingine: nani amekwisha peleka nini, na nani hajafikiwa? Kisha hesabu isomwe mbele ya watu. Msaada ni amana, na mwenyewe ni yule aliyelala nje pasipo paa. Sisi ni wapelekaji tu. Na wapelekaji wa amana moja hawana sababu ya kugombana njiani.