Kitoweo Kikigeuka Chakula

Uliza nyumba yoyote inayozungumza Kiswahili wamepika nini leo. Utajibiwa: ugali, wali, au ndizi. Maharage, dagaa na mchicha havitajwi mpaka uulize tena, "Kwa mboga gani?" Lugha yetu ilishakata shauri zamani: wanga ndio chakula, na vingine vyote ni vya kusindikizia tonge.

Rwimbogo, Rwanda, kwenye vilima vya Rusizi kati ya mji wa Kamembe na bonde la Bugarama, Kinyarwanda ndicho cha nyumbani na Kiswahili ni cha sokoni na mpakani, lakini sahani haina tofauti. Kuna ubugari wa muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, magimbi, na mchele unaovunwa jirani, Bugarama. Akija mgeni, viwili au vitatu kati ya hivyo hupakuliwa pamoja, maharage yakamwagiwa pembeni.

Mlo huo umelea vizazi vya wakulima na unastahili heshima. Ila siku hizi, katika nyumba hizohizo, yupo baba aliyepimwa kituo cha afya akaambiwa sukari yake imepanda, au shangazi ambaye uzito na shinikizo la damu vimemwelemea. Ushauri wanaorudi nao ni maneno mawili: "Punguza wanga." Mama anabaki na sufuria moja, kuni za kuhesabu, mgonjwa mmoja na watoto wanaokua. Atapikaje?

Ninaamini hahitaji unga wa kigeni wala chungu cha pili. Anahitaji kuigeuza sahani: kitoweo kiwe chakula, na chakula kiwe kitoweo.

Kijiko kimoja ndani ya damu

Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5. Ndani yake, mtu mwenye afya akiwa hajala, kuna glukosi ya gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai cha sukari. Ubongo na misuli hutegemea kijiko hicho, na mwili hufanya kazi usiku na mchana kisipungue wala kisifurike.

Sasa tuipime sahani ya mgeni. Wali uliopikwa gramu 250 una wanga wa gramu 70 hivi. Ndizi za kuchemsha gramu 150 huongeza kama 45, na kiazi kitamu cha gramu 150 huongeza kama 28. Jumla inakaribia gramu 140, sawa na vijiko 35 vya sukari, hata kama hakuna aliyeonja utamu. Tafuna kipande cha kiazi kwa muda mrefu bila kumeza, na utamu utaanza kuusikia. Kimeng'enya cha amilesi kilichomo kwenye mate kimeanza kukata minyororo ya wanga, na kila pingu ya mnyororo huo ni glukosi.

Glukosi ikiingia kwenye damu, kongosho hutoa insulini, homoni inayoziamuru seli za misuli na za mafuta ziipokee. Sehemu huwekwa akiba kwa umbo la glaikojeni: kama gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli ya mtu mzima. Ghala hilo likijaa, ziada hugeuzwa mafuta.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini babu alikula mlima wa ubugari na sukari yake ikabaki salama. Aliyelima mteremko tangu alfajiri amelimaliza ghala lake, na glukosi ya jioni inapata pa kwenda. Mjukuu wake anayeendesha pikipiki ya abiria, au anayekaa dukani Kamembe, anapakua sahani ya babu huku ghala lake limejaa. Ikiendelea hivyo kwa miaka, seli za watu wengi huanza kuikaidi insulini, kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi, kisha huchoka. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita, na kipimo cha pili kikathibitisha, huo ni ugonjwa wa kisukari.

Walichokiona madaktari wa Mulago

Kupunguza wanga ni tiba ya zamani. Kabla insulini haijagunduliwa Toronto mwaka 1921, madaktari hawakuwa na njia nyingine ya kumrefushia maisha mgonjwa wa kisukari. Lakini sehemu ya kisa hiki inayotuhusu zaidi iliandikwa hapa kwetu, katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Uganda, alishangazwa na magonjwa ambayo hakuyakuta. Kisukari, mishipa ya moyo kuziba na choo kigumu vilikuwa haba mno miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1956 ndipo alipoandika pamoja na mwenzake kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kisa kimoja tu kilitosha kuwa habari ya jarida la tiba. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi naye Uganda, aliliona jambo hilohilo. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na magonjwa yanayoandamana navyo.

Wagonjwa wao wa vijijini walikula wanga mwingi kuliko Mwingereza wa kawaida. Tofauti ilikuwa kwamba wanga huo ulikuja na nyuzinyuzi zake, pamoja na maharage, majani na mizizi ambayo haikupitia kinuni. Kwa hiyo somo la Mulago kwa mpishi wa Rwimbogo lina pande mbili. Wingi wa wanga una uzito wake, hasa kwa mwili usiotoka jasho. Lakini pia kuna wanga uliovuliwa nguo na wanga uliovaa, na damu huupokea kila mmoja kwa namna yake.

Mmea mmoja, vyakula viwili

Hakuna kinachoonyesha jambo hili vizuri kama shina la muhogo lililo nyuma ya nyumba. Chini kuna mzizi: gramu 100 zake zina wanga wa gramu 38 hivi na protini kama gramu 1. Juu kuna majani yenye wanga kidogo, nyuzinyuzi, vitamini, na protini mara kadhaa ya ile ya mzizi. Tumezoea kuutwanga mzizi uwe chakula na kuyafanya majani kuwa kitoweo. Kuigeuza sahani ni kupanda juu ya mmea uleule.

Isombe, kitoweo cha majani hayo, ina kanuni zake, na mabibi wanazijua. Majani ya muhogo yana kemikali inayozaa sianidi, ambayo ni sumu. Ukiyatwanga sawasawa, seli hupasuka, kimeng'enya cha jani hukutana na kemikali hiyo na sumu hutoka. Ukiyachemsha kwa muda mrefu huku sufuria ikiwa wazi, hupotelea hewani pamoja na mvuke. Basi usifanye haraka. Yakishaiva, tia vitunguu, intoryi (nyanya chungu), karanga za kusaga na mawese kidogo. Mafuta hayo yana kazi kubwa kuliko ladha, kwa kuwa rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A haifyonzwi vizuri tumboni pasipo mafuta.

Pembeni yake weka sambaza. Samaki huyu mdogo hakuwa mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye dagaa wa Rusizi nzima. Wanga hana. Ana protini, na kwa kuwa huliwa na miba yake humpa mtoto kalisi ya mifupa. Wengi humgaagaza kwenye unga kabla ya kumkaanga. Acha unga: mkaushe kwenye kikaango chenye mafuta kidogo mpaka alie, kisha malizia kwa nyanya na kitunguu. Aliyekaushwa juani mloweke kwa maji ya vuguvugu, mwoshe mchanga, umpike kwenye karanga.

Maharage yabaki

Wanaofuata mlo mkali wa wanga kidogo Ulaya na Marekani hushuka chini ya gramu 50 kwa siku, mwili ukaanza kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni. Hao huyakataa maharage. Mimi siyaondoi mezani Rwimbogo, na sababu yangu si mapenzi ya nyumbani tu.

Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina wanga wa gramu 23 hivi, lakini kama 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari, na kuna protini ya gramu 8 au 9. Wanga uliobaki umefungiwa ndani ya kuta za seli ambazo vimeng'enya huzipenya polepole. David Jenkins na wenzake huko Toronto, waliotunga kipimo cha kasi ya vyakula kupandisha sukari mwaka 1981, walionyesha mwaka uliofuata kwamba dengu zilizoliwa asubuhi hutuliza hata sukari ya mlo wa mchana. Nyuzinyuzi nazo hufika kwenye utumbo mpana, bakteria wakazichachusha na kutoa asidi zinazoulisha utumbo wenyewe.

Kwa nyumba isiyonunua nyama kila wiki, kuyaondoa maharage ni kuondoa protini yenyewe. Yakamulie ndimu: vitamini C husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Chai ingoje saa moja baada ya kula, maana huyazuia madini hayohayo.

Kupakua upya

Sahani mpya ya mtu mzima inapakuliwa hivi. Nusu nzima ni isombe au dodo (mchicha), kabichi, intoryi, chochote kilichochumwa kwenye *akarima k'igikoni*, ile bustani ya mboga ya mlangoni. Robo ni maharage na sambaza, au yai. Robo iliyobaki, ambayo ni ngumi moja, ndiyo ya wanga, na uwe wa aina moja: kiazi au ndizi au ubugari, kamwe si vyote vitatu. Kipande cha avokado kinakamilisha shibe. Ukipiga hesabu, wanga unaogeuka sukari umeshuka kutoka gramu 140 hadi kama 50, na tumbo limejaa.

Zipo njia ndogo za kuongezea faida. Chemsha kiazi kitamu, usikichome. Utafiti wa Jamaica uliochapishwa mwaka 2011 uligundua kwamba viazi vitamu vya kuchemsha hupandisha sukari polepole kuliko vilevile vikiokwa. Anza na mboga na samaki, wanga uje mwisho. Jaribio dogo la New York la mwaka 2015, lenye wagonjwa 11 wa kisukari, lilionyesha kwamba mpangilio huo pekee hupunguza mpando wa sukari baada ya mlo. Na kabla ya yote hayo, ondoa sukari inayonywewa. Soda ya mililita 300 hubeba gramu kama 30 za sukari zisizo na nyuzinyuzi hata moja, na vijiko vitatu katika kila kikombe cha chai hujumlika siku nzima.

Chungu kimoja, upawa wenye akili

Mtoto si mgonjwa wa kisukari mdogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019–20 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mtoto anahitaji wanga wa kukimbilia na kukulia. Kinachokosekana mara nyingi kwenye sahani yake ni kile ambacho baba anaongezewa, yaani samaki, maharage, majani na mafuta. Kwa hiyo wote wanakula kutoka chungu kimoja. Mtoto anapakuliwa viazi viwili na sambaza tele, na kikombe cha maziwa juu yake. Mama mjamzito au anayenyonyesha hapunguziwi. Baba anapata ngumi yake moja.

Anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho, kama glibenklamidi, asipunguze wanga kabla ya kumwona mhudumu wa afya. Dawa iliyopimiwa mlima wa wali, ikikutana na ngumi ya kiazi, inaweza kuishusha sukari mpaka mtu azirai. Dozi ibadilishwe pamoja na sahani. Mwenye figo dhaifu naye aulize kwanza kuhusu protini.

Mabadiliko haya hayaanzi na unga wa lozi unaouzwa mijini. Yanaanza na tuta moja zaidi la dodo, na kikapu cha sambaza kununuliwa kwanza kabla ya kilo ya tatu ya mchele. Yatakuwa yameota mizizi siku mgeni atakapobisha hodi Rwimbogo jioni na kuuliza mmepika nini, na mtoto wa nyumba akamjibu bila kufikiri: "Isombe na sambaza." Ndipo mgeni atakapolazimika kuuliza tena: "Kwa kiazi au kwa ubugari?"