Kura ya mitambo yapunguza makosa ya simu

Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana sana kwenye simu; oda yaweza kuharibikia hapo. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilijaribu programu iitwayo ROVER. Mitambo mitano ilisikiliza mazungumzo yale yale ya simu, maandishi yake yakapangwa neno kwa neno, kisha yakapigiwa kura. Mtambo bora peke yake ulikuwa na makosa ya maneno asilimia 44.9, kura ikayashusha hadi 39.4. Nafuu ipo, ingawa si ya kushangilia. Anayetaka kulipia mitambo mitatu aulize kwanza imefunzwa wapi. Iliyofunzwa kwa sauti zile zile yaweza kukosea pamoja, na kura ikapitisha kosa.