Puto Linapochelewa Kuvimba

Mitambo ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba inazalisha umeme tangu miaka ya 1950, na tangu 1982 mji wa Kolwezi, nchini Kongo, unapokea mwingine kutoka mabwawa ya Inga kwa laini ya kilomita 1,700 hivi. Hautoshi. Migodi ya shaba na kobalti inataka zaidi ya unaopatikana, na kila mwenye seva hapa anaujua mlio wa jenereta.

Ofisi inayobana matumizi basi haiwashi seva tano. Inawasha moja na kuigawa kwa mashine pepe: ya mizani ya malori, ya mishahara, ya ramani za wanajiolojia. Seva yenye kumbukumbu ya GB 64 inaahidi jumla ya GB 80, ikitumaini kwamba hazitadaiwa zote kwa mpigo. Ahadi hiyo inabebwa na puto, mbinu aliyoieleza Carl Waldspurger wa VMware mwaka 2002. Draiva ndogo ndani ya mashine pepe huomba kumbukumbu kwa mfumo endeshi wake, huishikilia, kisha huiarifu seva kwamba kurasa hizo za kumbukumbu zinaweza kupewa mashine nyingine. Uzuri wake ni kwamba mfumo endeshi wenyewe ndio unaochagua cha kuachia; seva, ikiwa nje, haijui ukurasa upi una maana.

Kwenye KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, fundi akiiona draiva ya puto, virtio_balloon, katika orodha ya lsmod huridhika. Hapo amejua tu kwamba draiva imepakiwa. Ipunguze mashine kwa virsh setmem kutoka GB 8 hadi GB 4, kisha usome virsh dommemstat: actual, yaani kiasi ambacho puto limeiachia mashine, ishuke, na rss, yaani kumbukumbu ambayo seva imeitoa kweli, ishuke nayo. Ila kuna mtego. Mashine iliyowashwa sasa hivi huenda haijagusa kumbukumbu yake yote, kwa hiyo rss ilikuwa chini tangu mwanzo na haina pa kushukia. Ijaze kwanza kwa stress-ng, usimamishe, ndipo uvimbishe puto. Actual ikishuka na rss ikagoma, tazama kama mashine imekabidhiwa kadi halisi kupitia VFIO, au inatumia kurasa kubwa.

Windows ina vituko vyake: puto likivimba, jumla ya kumbukumbu haibadiliki, bali inayotumika hupanda bila programu yoyote kuonekana kuila. Mhasibu atailaumu programu ya mishahara.

Lakini kwa Kolwezi, jaribio ninaloliamini ni la umeme kurudi. Mashine zote zinawaka pamoja, kila moja na kumbukumbu yake kamili, kwa sababu puto halivimbi kabla draiva haijapakiwa. Windows nayo hujaza kurasa zake sifuri mapema, na kwa kufanya hivyo huzidai zote. Seva ikizidiwa huanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, au huua mashine mojawapo. Zizime zote kwa makusudi Jumapili, uziwashe kwa pamoja, utazame. Zikibanana, Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe, ina mahali pa kupanga ipi itangulie na inayofuata ingoje sekunde ngapi. Ningeanza na mizani; mishahara inaweza kungoja dakika tano.